Nani Aliweka Nini Kwenye Kompyuta ya Steshenari?

Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, steshenari za Mwanjelwa, Kabwe na Uyole zinajaa tangu asubuhi, baridi ya Mbeya ikiwa bado inauma na watu wamejifunika makoti mazito. Kijana aliyemaliza kidato cha sita ameshuka na mzazi wake kutoka Chunya au Ileje, bahasha ya kaki mkononi. Ndani ya bahasha kuna cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha taifa cha mzazi, picha za pasipoti na, kama ni yatima, cheti cha kifo. Anataja kwa sauti namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, namba ya simu, namba ya akaunti ya benki. Mhudumu anaandika, anaskani, anapakia kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, anaprinti fomu. Fomu inakwenda kugongwa muhuri serikali ya mtaa na kwa kamishna wa viapo, inarudi, inaskaniwa tena. Akiinuka yeye anakaa mwalimu anayeomba uhamisho, kisha dada anayetuma maombi Ajira Portal, kisha mfanyabiashara wa mchele kutoka Mbarali anayetafuta TIN. Wote kwenye kiti kimoja, kibodi moja.

Mimi ni fundi kompyuta hapa mjini, na sehemu kubwa ya riziki yangu inatoka kwenye maduka haya. Nayaheshimu. Bila steshenari, watoto wengi wa vijijini wasingefika chuo, maana nyumbani hakuna kompyuta na simu ya mzazi ni ya kitochi. Kwa sababu hiyohiyo naandika haya. Programu iliyowekwa kwenye kompyuta ya nyumbani inamhusu mwenye nyumba. Programu iliyowekwa kwenye kompyuta ya steshenari inamhusu kila atakayekaa pale mwaka mzima, naye hakuulizwa na hana namna ya kujua.

Kompyuta zenyewe nyingi ni za mtumba. Ni zile OptiPlex za Dell, ProDesk za HP na ThinkCentre za Lenovo zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani, zikashuka bandarini, zikapita Kariakoo, zikapanda basi kuja huku. Zikifika, fundi anaitwa kupiga Windows. Kwa elfu kumi hadi ishirini anachomeka flashi yake, anafuta kilichokuwemo, anapiga Windows, anapiga Office, halafu anamalizia na aktiveta, yaani kiprogramu kinachoidanganya Windows iamini kwamba imelipiwa. Kabla ya kukifungua anazima kinga ya virusi. Asipoizima, kinga itakikamata na kukifuta. Video zote za mafunzo zinaelekeza hivyo, na maelezo yanayoambatana na faili yanasema hivyohivyo: kinga ikilia usijali, ni kawaida.

Ni kama mgeni anayebisha hodi usiku wa manane na kukwambia umfunge mbwa kwanza ndipo aingie, nawe ukamfunga.

Kitu hicho unakipa ruhusa ya juu kabisa kwenye mashine, ruhusa ya msimamizi, huku mlinzi amelala. Kama ndani yake kuna aktiveta tupu, au kuna aktiveta na kingine kimejificha mgongoni, hutaona tofauti. Windows itaamka, Office itafunguka, mteja wa kwanza ataprinti. Kazi imekubali, fundi analipwa, anaondoka.

Kuna mahali pa kuangalia ambapo wenye maduka wengi hawajawahi kupafika. Fungua Usalama wa Windows, ingia kwenye kinga ya virusi, ingia kwenye mipangilio yake, shuka chini kabisa hadi kwenye orodha ya vitu vilivyoachwa nje ya ukaguzi. Kwenye mashine safi orodha hiyo ni tupu. Katika duka moja la Sae niliikuta ina mstari mmoja tu: herufi C, nukta pacha, mkwaju. Maana yake kinga imeambiwa isikague chochote kwenye diski nzima ya C, ambako ndiko kila kitu kipo. Pembeni mwa saa, alama ya kinga bado ilikuwa na tiki ya kijani. Mama mwenye duka aliniambia, "Lakini fundi, si unaona iko kijani?" Ilikuwa kijani kweli. Ilikuwa inalinda diski ambayo imeambiwa isiitazame.

Hicho kinachojificha mgongoni mwa aktiveta kinafanya nini? Siku hizi, mara nyingi, ni mwizi wa taarifa. Ni programu ndogo inayoamka, inakusanya nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, inakusanya na vidakuzi, yaani zile alama zinazoiambia Gmail au Facebook kwamba wewe umeshaingia tayari, inavipakia pamoja na kuvituma mbali. Kazi hiyo haichukui muda, na zingine zikimaliza zinajifuta. Vidakuzi ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mwenye navyo anaweza kuingia kwenye akaunti bila kuulizwa nywila wala ile namba inayotumwa kwenye simu.

Mambo haya si ya kufikirika. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi KMSPico ya bandia, aktiveta ambayo jina lake linajulikana na kila fundi kuanzia Tunduma hadi Makambako, ilivyokuwa ikibeba mwizi wa taarifa anayeitwa CryptBot. Aprili 2023 Google walikwenda mahakamani dhidi ya wasambazaji wa CryptBot huyohuyo, wakieleza kwamba kwa mwaka uliotangulia alikuwa ameambukiza kompyuta zipatazo 670,000. Mei 2025 Microsoft walisema wameona kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 zilizoingiliwa na mwizi mwingine, Lumma, katika miezi miwili tu, kuanzia katikati ya Machi. Kompyuta moja kati ya hizo ikiwa ya nyumbani, ni familia moja. Ikiwa ya steshenari, ni kata nzima.

Wizi wa aina hiyo ni wa kimya. Kuna mwingine unaopiga kelele.

Asubuhi moja niliitwa Uyole na kijana mwenye duka lililo karibu na barabara kuu. Kila faili kwenye mashine yake lilikuwa limeongezewa herufi nne ngeni mwishoni mwa jina na halikufunguka tena. Kila folda ilikuwa na faili moja jipya, _readme.txt. Tulilifungua pamoja. Lilisema kwamba mafaili yamefungwa, kwamba ufunguo ni dola 980, na kwamba akiwasiliana nao ndani ya saa 72 ni nusu yake, dola 490. Ni barua ya familia ya virusi iitwayo STOP au Djvu, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikisafiri ndani ya aktiveta na programu zilizovunjwa kufuli. Usiku uliotangulia alikuwa amepakua programu ya kuhariri picha za pasipoti, iliyovunjwa kufuli, na kinga alikuwa ameizima ili ikubali.

Virusi hivi vina tabia moja ambayo kwa mazingira yetu ina uzito. Vikikuta kompyuta haina intaneti vinatumia ufunguo wa akiba uliomo ndani yao, na ufunguo wa akiba ni uleule kwa waathirika wengi. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizoiwezesha kampuni ya Emsisoft mwaka 2019 kutoa bure programu ya kufungua mafaili ya baadhi ya waathirika. Vikikuta intaneti ipo, vinachukua ufunguo wa peke yake kwa kompyuta hiyo, na hapo kama huna nakala, hakuna fundi wa kukusaidia. Kijana wa Uyole alikuwa amewasha hotspoti ya simu yake. Bando lilikuwa bado lipo.

Ndani ya mashine ile mlikuwa na ripoti za utafiti za wanafunzi wa vyuo vikuu vya hapa Mbeya, MUST na TEKU, ambao walikuwa wanakuja kuchapiwa na kufanyiwa marekebisho. Mmoja wao, binti wa mwaka wa mwisho, alifika mimi nikiwa bado pale. Alikuwa na sura ya kwanza na ya pili kwenye barua pepe, ya zamani, kabla msimamizi wake hajaisahihisha. Sura ya tatu hadi ya tano zilikuwa kwenye mashine ile na kwenye flashi aliyoiacha imechomekwa usiku kucha, nayo ilikuwa imefungwa pia. Aliuliza mara mbili, kwa upole, "Kaka, hata nusu yake haiwezi kutoka?" Sikuwa na jibu la kumpa. Yeye hakupakua chochote, na hakuzima kinga ya mtu.

Hadi hapa nimezungumzia programu iliyoletwa na fundi au mwenye duka akitafuta nafuu. Ipo na ile inayoletwa na mteja kwa makusudi, na mfano wake nilioupenda kuwasimulia wenye maduka ni wa New York. Kati ya Februari 2001 na Desemba 2002 kijana mmoja alikuwa akiingia kwenye matawi ya Kinko's, maduka ya kutoa kopi na kukodisha kompyuta, yaani steshenari kama zetu. Alikuwa anakaa kama mteja, analipia, na anaacha nyuma yake programu inayorekodi kila kitufe kinachobonyezwa. Alipata majina na nywila zaidi ya 450. Alikamatika baada ya mtu mmoja, akiwa nyumbani kwake, kuona kishale kwenye skrini yake kinatembea chenyewe na kufungua mafaili; mtu huyo aliwahi kuingia kwenye kompyuta yake kwa mbali akiwa Kinko's. Kijana alikiri makosa mahakamani mwaka 2003. Mwaka 2014 idara ya Marekani inayochunguza makosa ya aina hii, Secret Service, ilitoa tahadhari kwa hoteli kwa sababu programu hizohizo zilikutwa kwenye kompyuta za wageni huko Texas.

Huko ni mbali, lakini mlango walioingilia ndio uleule tulio nao. Kwenye maduka yetu kompyuta ya wateja ina akaunti moja, ya msimamizi, haina nywila. Yeyote anayekaa anaweza kuweka chochote kwa dakika tatu wakati mhudumu amegeuka kutoa kopi. Na kwa kuwa akaunti ya Windows haina nywila, Chrome nayo haiulizi kitu: ukifungua orodha ya nywila zilizohifadhiwa na kubonyeza jicho, inakuonyesha. Nimeona orodha hiyo ikishuka hadi kidole kikachoka kwenye kipanya. Kila mstari ni mtu aliyebonyeza "hifadhi" kwa haraka huku foleni ikimsubiri.

Flashi ninazipita haraka kwa kuwa kila mwanafunzi anazijua. Folda zako zinapotea, inabaki njia ya mkato moja yenye jina la flashi, ukiibonyeza unazikuta folda zako ziko ndani na unashukuru. Ulichobonyeza ndicho kirusi. Amekufungulia folda ili usishtuke. Zamani virusi vya flashi havikuhitaji hata kubonyezwa, hadi Februari 2011 Microsoft walipoondoa tabia ya Windows ya kuendesha chenyewe kilichomo kwenye flashi. Tangu hapo virusi hivyo vinategemea kidole chako.

Kuhusu AnyDesk na TeamViewer nina neno. Ni programu halali za kuendesha kompyuta ukiwa mbali nayo, na mimi mwenyewe nazitumia kumsaidia mteja wa Tukuyu bila kupanda gari. Shida ni pale fundi anapoiweka, anaipa nywila ya kudumu ili aingie wakati wowote, halafu wanakosana na mwenye duka au anahamia Dar, na programu inabaki. Kama hujui nani ana nywila ya AnyDesk iliyo kwenye mashine ya wateja wako, iondoe leo.

Sasa, kwa nini tunafanya hivi? Fedha. Windows 11 Home kwa bei ya Marekani ni dola 139, zaidi ya laki tatu, kwa mtu anayetoa kopi kwa shilingi mia. Sitamlaumu mwenye duka kwa kushindwa kulipa laki tatu kwa kila mashine. Lakini kuna jambo ambalo mafundi wenzangu wengi hawamwambii. Kompyuta nyingi za mtumba zilizotengenezwa kuanzia zama za Windows 8, yaani 2012 na kuendelea, zilikuja na leseni yake imechomwa kwenye bodi kutoka kiwandani. Ukipiga toleo lilelile la Windows ambalo leseni yake imo, uwe na faili safi kutoka kwa Microsoft wenyewe, kompyuta ikiunganishwa na intaneti inaweza kujithibitisha yenyewe bila aktiveta yoyote. Nimefungua mashine zilizokuwa na leseni halali ya Pro ndani ya bodi huku juu yake fundi amepiga toleo lingine na kulivunja kufuli. Tulikuwa tunaiba kitu ambacho tayari kilikuwa chetu, na kwa wizi huo tukamfungulia mlango mwizi mwingine.

Kuna mashine ambazo haziokoki kwa njia hiyo. Windows 7 iliachwa kuhudumiwa na Microsoft Januari 2020, Windows 10 Oktoba 2025, na karibu mashine zote zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8 hazikubaliwi rasmi kwenye Windows 11. Kwa hizo, na hasa kwa ile ya wateja wa kujaza fomu tu, nashauri Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta unaowekwa badala ya Windows. Ni bure, haina haja ya aktiveta, na anayefungua kivinjari, kupakia PDF na kuprinti haoni ugumu wowote. Nimeiweka kwenye maduka kadhaa na mhudumu alizoea ndani ya wiki.

Office ndiyo mfupa mgumu. LibreOffice ni bure na inatosha kwa barua na wasifu wa kazi, lakini mwanafunzi akileta ripoti yenye majedwali aliyoyapanga kwenye Word, wakati mwingine yanahama, na ukurasa wa yaliyomo unavurugika. Kwa duka linaloishi kwa ripoti za vyuo, ushauri wangu ni kulipia Office kwenye mashine moja, ya mhudumu, na mashine hiyo mteja asiiguse. Ni gharama. Ni ndogo kuliko kumweleza binti wa mwaka wa mwisho kwamba sura tatu hazirudi.

Kwenye mashine ya wateja, akaunti iwe ya kawaida, si ya msimamizi, na ya msimamizi iwe na nywila anayoijua mwenye duka. Hilo peke yake linazuia sehemu kubwa ya uchafu, kwa sababu programu nyingi zitaomba ruhusa na mteja hatakuwa nayo. Kivinjari kifunguliwe kwa hali ya mgeni, ambayo ikifungwa inasahau nywila na vidakuzi. Ila mafaili yaliyopakuliwa hayafutiki, lazima mhudumu ayafute. Nimekuta folda ya vipakuliwa yenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto ambao bila shaka sasa ni wahitimu. Na lile kaunta buku ambalo wahudumu wanaandika barua pepe na nywila za wateja ili wakirudi wasisumbuke, nalijua, najua linafanywa kwa nia njema kwa wazee wanaosahau. Mpe mzee karatasi yake aende nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na sioni namna ambayo kaunta buku lililo wazi mezani linaweza kuitwa ulinzi.

Kwa mteja ninalo la kusema, ingawa uwezo wake ni mdogo. Ukirudi nyumbani, badili nywila kwa simu yako, si kwa kompyuta nyingine ya kukodi. Kama uliunganisha WhatsApp ili uprinti, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa na uondoe kila usichokitambua. Nimekuta mashine zenye mazungumzo ya mtu yanaendelea kuingia siku nyingi baada ya yeye kuondoka. Bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, maana nakala ya NIDA iliyobaki kwenye mashine ya watu haina ulinzi. Ukipata ujumbe wa kitapeli, iripoti namba iliyokutumia kupitia 15040. Na usione haya kumwambia mhudumu, "Dada, naomba ufute vyeti vyangu nikiwa hapa." Anayefanya kazi yake vizuri hatakasirika.

Wenye maduka wa hapa mjini wanaotaka kuangaliwa ile orodha ya vilivyoachwa nje ya ukaguzi na leseni iliyo kwenye bodi, naifanya kwa bei ileile ya kupiga Windows, na aktiveta siweki. Njooni kabla ya matokeo ya kidato cha sita. Yakishatoka, hakuna mwenye duka anayekubali mashine yake izimwe hata saa moja.